Mwendo Unaokuruhusu Kusimama

Maneno haya yalisemwa mjini Morogoro, wiki chache kabla ya masika, mbele ya madereva wa malori, mabasi na magari madogo pamoja na wamiliki wa magari. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokuwa safarini siku hiyo. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa madereva, askari wa usalama barabarani mliokubali kukaa nasi leo bila zile mashine zenu za faini, wamiliki wa magari, na ninyi ndugu zangu mnaoshika usukani kila siku: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuendesha gari kwa usalama katika barabara za kila aina na katika hali ya hewa ya kila aina. Ningeweza kuwasomea sheria kifungu kwa kifungu, nanyi mngepiga makofi na kwenda kula. Badala yake naomba kusema jambo moja tu, nilirudie kwa njia mbalimbali mpaka mnichoke. Sheria yetu inataka kilomita 50 kwa saa penye makazi, na kilomita 80 kwa magari mazito nje ya makazi. Lakini kibao cha mwendo kilisimikwa siku ya jua, na hakijui kama leo kuna mvua, kama matairi yako yamekwisha, kama umebeba tani 30 za saruji au umerudi mtupu. Kibao kinakuonyesha mpaka usiopaswa kuuvuka. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kusimama ndani ya umbali unaouona, juu ya ardhi ambayo tairi lako linaishika wakati huo. Ukiona mita 40, uwe na uwezo wa kusimama ndani ya mita 40. Ukiona mita 15, uwe na uwezo wa kusimama ndani ya mita 15.

Tutazame barabara yetu hii inayopita hapa mlangoni. Inaanzia Dar es Salaam, ambako joto la pwani linachemsha lami, inapita Chalinze, inakuja hapa kwetu, inakata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, inashuka kufuata bonde la Ruaha lenye mibuyu, inapanda mlima wa Kitonga, kisha inakufikisha Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mbele yako bado kuna baridi na ukungu wa Mafinga na Makambako kabla hujaiona Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 800. Huku kwetu na Pwani tunangoja masika ya Machi hadi Mei. Kule Nyanda za Juu Kusini mvua ni msimu mmoja mrefu, tangu Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo dereva anaweza kuondoka Ubungo kwenye lami kavu na kukutana na utelezi siku hiyo hiyo kabla ya jua kutua. Je, dereva huyo anaendesha barabara moja? Hapana. Anaendesha barabara tano au sita, na kila moja ina masharti yake.

Tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu haya yote yatakuwa mahubiri. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho, asiyechezea simu, hutumia kama sekunde moja tangu kuona hatari mpaka mguu kufika kwenye breki, na hizo ni mita 22 ambazo gari limekwenda bila kupungua mwendo hata kidogo. Baada ya hapo, gari dogo lenye matairi mazuri juu ya lami kavu linahitaji kama mita 35 nyingine ili lisimame. Lami ikilowa, hizo mita 35 zinakuwa 60 na zaidi. Ukiongeza mwendo maradufu, umbali wa breki hauongezeki maradufu, bali mara nne. Hapo sijagusa lori lililojaa, ambalo linahitaji umbali mrefu zaidi. Basi nawauliza: mnapokaa mita kumi nyuma ya basi lililo mbele yenu kwa kilomita 80, huku mvua inanyesha, mnategemea nini? Mnategemea kwamba dereva wa mbele hataona kitu chochote cha kumshtua mpaka Dodoma.

Sasa niingie kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu masika yamekaribia.

Mvua ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, na wengi wetu tunaidharau kwa kuwa ni manyunyu. Kwa miezi ya kiangazi lami imekusanya vumbi, matone ya oili na unga wa mpira unaotoka kwenye matairi. Manyunyu yanapoanguka yanachanganya vitu hivyo kuwa utando unaoteleza, nao hukaa juu ya lami mpaka mvua kubwa iuoshe. Dakika zile za mwanzo, ambazo dereva anasema moyoni ngoja niwahi kabla haijakolea, ndizo anazopaswa kupunguza mwendo kuliko wakati mwingine wowote.

Mvua ikikolea, linakuja tatizo la pili. Mifereji iliyo kati ya kashata za tairi, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka, kazi yake ni kusukuma maji pembeni ili mpira uguse lami. Mwendo ukizidi, au mifereji ikiwa imekwisha, maji hayapati pa kutokea; yanajikusanya mbele ya tairi na kulinyanyua, na gari linaelea. Dalili yake utaijua: usukani unakuwa mwepesi ghafla, na injini inaweza kuunguruma zaidi bila gari kwenda zaidi. Ukifika hapo usikanyage breki kwa nguvu na usikate kona. Ondoa mguu kwenye moto, yaani pedali ya mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, subiri tairi lishike tena. Na msisahau hili: lami yetu ina makorongo mawili yaliyochimbwa na magurudumu ya malori, na maji hutuama humo humo. Dereva mzoefu wa mvua huliweka gari pembeni kidogo mwa makorongo hayo, ndani ya njia yake lakini.

Kuna maji mengine, yale yanayopita juu ya barabara. Desemba 4, 2021, huko Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka daraja la Mto Enziu wakati mto umefurika na maji yanapita juu ya daraja. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Basi lilianza kuvuka, likaegemea upande mmoja, likaenda na maji. Zaidi ya watu 30 walikufa mchana kweupe, mbele ya macho ya watu. Ndugu zangu, basi ni zito, tena lilikuwa limejaa. Lakini chombo chochote kikiingia kwenye maji hupoteza sehemu ya uzito wake, na magurudumu hayashiki tena kama yalivyoshika nchi kavu. Maji yanayokwenda kwa kasi, yenye kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kulisukuma gari dogo. Yakifika sentimita 60 yanachukua magari mengi, pamoja na yale marefu mnayoyaringia.

Tena huoni kilicho chini. Mwaka 2024, mwezi Mei, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, maeneo ya Somanga na Matandu, na malori na mabasi yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Pale ambapo jana palikuwa na lami, leo palikuwa na shimo la mto. Sasa fikiria dereva anayefika mahali kama hapo usiku, anaona maji ya rangi ya chai yametanda barabarani, anasema hapa napafahamu. Unafahamu nini? Unafahamu barabara ya jana. Maji yakipita juu ya daraja au kivuko na yana mwendo, simama, geuza, au lala hapo hapo. Mwenye gari akipiga simu kuuliza uko wapi, mwambie nipo ng'ambo ya huku.

Naenda kwenye milima.

Yupo mzee mmoja, mwenyeji wa Iringa, aliyeendesha malori ya nguzo kwa miaka mingi, na alikuwa na desturi ambayo vijana waliicheka. Kabla ya kushuka Kitonga alisimama juu, akashuka garini, akazunguka lori lote akitazama matairi na mabomba ya upepo, kisha akapanda na kutia gia nzito kabla gari halijaanza kuinama. Alikuwa akisema gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Akifika chini alisimama tena, akasogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa, ringi moja baada ya nyingine. Akikuta moja ina joto kuliko wenzake, alijua breki ya gurudumu hilo inafanya kazi ya magurudumu mengine yaliyolala. Alikuwa anasoma lori lake kwa kiganja, na hakuhitaji mashine.

Kwa nini gia? Kwa sababu uzito unaoshuka mlima lazima uzuiwe na kitu, na kama hauzuiwi na injini utazuiwa na breki, na breki huzuia kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Breki zikizidiwa na joto, viatu vya breki vinapoteza mshiko hata ukikanyaga mpaka sakafuni. Kwenye breki za mafuta kuna hatari nyingine: mafuta yale hunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na mafuta yaliyozeeka huchemka kwenye joto dogo kuliko mapya. Yakichemka yanatoa mvuke ndani ya bomba, na mvuke unabonyea. Pedali inashuka tu. Kwenye breki za upepo, dereva anayepiga-piga pedali njia nzima anamaliza upepo kwenye mtungi kabla kompresa haijaujaza. Mteremko mrefu unataka gia nzito iliyotiwa mapema, egzosti breki, ile inayozuia gari kwa kubana moshi wa injini, kwa malori yaliyo nayo, na breki ya mguu ikanyagwe kwa uthabiti sekunde chache mpaka mwendo upungue, iachiliwe ipoe, ndipo ikanyagwe tena.

Na hapa tusidanganyane humu ndani. Wapo miongoni mwetu wanaoshuka milima kwa frii. Wakenya wamezika watu wengi kule Salgaa, kwenye mteremko wa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na moja ya sababu zilizotajwa tena na tena ni malori kuachiwa yateremke bila gia ili kuokoa mafuta. Sisi tunajua siri yake: lita zinazobaki huuzwa njiani. Lakini je, zinabaki kweli? Injini za dizeli za kisasa, gari likishuka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya moto, hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inalazimika kujizungusha yenyewe, kwa hiyo inakunywa mafuta. Mtu anahatarisha roho yake na za wengine kwa akiba ambayo kwenye lori jipya haipo.

Wenye magari madogo ya otomatiki msijifanye hamhusiki. Gari lenu pia lina gia nzito; ziko pale kwenye mkono, penye L, au 2, au S. Wengi hamjawahi kuzigusa tangu gari lishuke bandarini.

Mteremko na mvua vikikutana, hatari hizi hazijumlishwi, zinazidishana. Mei 6, 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha, waliokuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao wa Karatu, liliacha barabara kwenye mteremko wa Rhotia na kutumbukia korongoni. Ilikuwa asubuhi ya mvua. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Sisimami hapa kumhukumu marehemu. Ninachosema ni kwamba kwenye mteremko uliolowa, mwendo unaamuliwa kabla ya kuinama, kwa sababu ukishainama kila kosa la breki linalifanya gari liteleze. Kona kata kwa mwendo uliokwisha kupunguzwa. Usifunge breki ndani ya kona.

Jambo la tatu ni kuona.

Alfajiri moja nilikuwa abiria kwenye basi, tumepita Mafinga, ukungu umeshuka mpaka tukawa tunaona mstari mweupe wa pembeni na mita chache mbele. Dereva, kijana mtulivu sana, alipunguza mwendo mpaka kilomita 30 hivi. Abiria wakaanza: dereva vipi, dereva umelala, wenzetu wanatupita. Naye hakujibu. Baada ya kona moja tela lilitokea, limesimama katikati ya njia yetu, halina taa, halina pembetatu, halina hata tawi la mti. Kijana alikanyaga breki, basi likasimama, nafasi ikabaki. Na bado tulipofika Makambako kuna abiria mmoja aliyedai tumechelewa.

Kwenye ukungu usiwashe fulu, zile taa za kumulika mbali, kwa sababu mwanga unagonga matone ya maji na kukurudia machoni; piga dimu, zile za kumulika chini. Fuata mstari wa pembeni, usifuate taa za gari la mbele, maana likiacha njia nawe utaacha njia. Na desturi hii yetu ya kuwasha hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, tukiwa tunatembea, mimi siipendi. Hazadi ni za gari lililosimama. Ukiziwasha huku unakwenda, wa nyuma hajui kama umesimama au la, na kwenye magari mengi hawezi tena kuona indiketa yako unapotaka kukata.

Usiku ni ukungu mweusi, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 jambo hili linatuhusu zaidi. Dimu ya gari la kawaida inakuonyesha mita 50 au 60 hivi. Rudini kwenye hesabu yetu: kwa kilomita 80 kwenye lami kavu unahitaji karibu mita 60 ili usimame. Maana yake, ukiwa na dimu na mwendo huo, umetumia kila mita unayoiona, hukubakiza hata moja. Na lami ikiwa imelowa tayari umezidi. Ndani ya Mikumi ndiyo maana wakaweka kilomita 50. Swala macho yake yatakung'aria, lakini nyati na tembo wana rangi ya usiku wenyewe, na tembo hapishi gari.

Gari likikuharibikia, litoe nje ya lami kama linatembea. Kama halitembei, weka pembetatu hatua mia moja nyuma, na nyingine mbele, na ukiongeza matawi ya miti sitakulaumu, kwa kuwa kila dereva wa nchi hii anayajua maana yake. Ila ukishatengeneza, yaondoe. Nani kati yetu hajakutana usiku na mawe makubwa matano yaliyopangwa barabarani, gari lenyewe lilishaondoka tangu jana? Mwenzio aliyeweka mawe yale ya kuzuia gurudumu amekutegea mtego.

Barabara za vumbi nitazipita haraka. Changarawe haishiki tairi. Punguza mwendo kabla ya kona, usukani upole, breki upole. Ukipishana na lori na vumbi likatanda, punguza na ungoje litulie, usiovateki gizani. Na udongo mweusi wa mbuga ukilowa, hata gari la magurudumu manne yanayovuta litakwama. Kuna siku njia ya busara ni kungoja jua la saa nne.

Joto nalo ni hali ya hewa, ingawa hatulihesabu. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka, linapata moto na kupasuka, hasa likiwa limebeba mzigo wa ziada. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Wapo wanaosimama Chalinze saa nane mchana, wanakuta upepo umepanda, wanaupunguza. Upepo ule umepanda kwa sababu ya joto, ni kawaida; ukiupunguza, unaliondolea tairi nguvu na kuliongezea moto.

Wamiliki wa magari, mmekaa mbele kwa heshima, nami sitawaacha. Dereva anayepangiwa kufika Tunduma asubuhi bila kujali mvua hawezi kufuata hata neno moja nililosema. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huitikia hatari kama mtu aliyekunywa pombe. Je, ratiba zenu zinampa saa ngapi za kulala? Mnanunua matairi ya mtumba kwa kuangalia kashata tu. Pembeni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na mpira wa umri huo umeshakauka hata kama kashata zake zinapendeza. Ndani ya mifereji kuna vijiti vidogo vya mpira, kimo chake milimita 1.6. Kashata ikilingana na kijiti, tairi hilo limekwisha, na kwa masika haya mimi ningelitoa mapema zaidi.

Magari yenu yapo hapo uwanjani. Kabla ya chakula naomba kila dereva aende pamoja na mwenye gari wake, wainame wote wawili, wasome tarakimu hizo kwenye kila tairi, la akiba likiwamo, kisha warudi hapa wakiwa wamekubaliana ni lipi linabadilishwa kabla ya safari ijayo. Mafundi wawili wametupa muda wao leo, na kipimo cha upepo kipo mezani pale mlangoni.

Asanteni kwa kunisikiliza.